Mkono Nao Una Elimu Yake: Somo Kutoka kwa Wafinyanzi wa Ikombe



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo kisha akamfundisha yale asiyoyajua. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, karibu kila darasa lina mwenzetu mmoja anayeitwa "mzito". Akiulizwa swali hukaa kimya. Akipewa aya tatu za kuhifadhi, wiki huisha akiwa na moja. Wenzake humcheka, na polepole naye huanza kuamini kwamba Mungu hakumpa akili. Lakini nyumbani mambo ni mengine. Jembe likitoka mpini, anayeitwa ni yeye. Mnyororo wa baiskeli ukikatika, jirani humtafuta yeye. Mtumbwi ukivuja, yeye ndiye anayejua pa kuziba.

Je, mtu huyu hana akili? Au tumempima kwa kipimo kimoja tu, tukaacha kingine? Katika makala hii tutaangalia jinsi kijana anavyojifunza ndani ya karakana, yaani mahali ambapo watu hutengeneza kitu kwa mikono yao. Hatuna haja ya kwenda mbali. Wilayani kwetu Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ipo karakana ya miaka mingi isiyo na kuta wala kibao mlangoni.

WAFINYANZI WA IKOMBE

Ukifika Matema na kutazama mashariki, utaona Milima ya Livingstone inavyoshuka moja kwa moja hadi ziwani. Chini ya milima hiyo wanaishi Wakisi. Ardhi yao ya kulima ni kidogo, tena ni ya mteremko, tofauti kabisa na mabonde ya mpunga na kakao ya huku Kyela. Riziki yao kubwa imetoka katika vitu viwili: samaki wa ziwani na udongo. Wanaume wanajulikana kwa uvuvi. Wanawake wanajulikana kwa ufinyanzi, hasa wale wa kijiji cha Ikombe.

Vyungu vya Ikombe hupakiwa kwenye mitumbwi, vikaletwa Lyulilo, karibu na Matema, ambako siku ya Jumamosi kuna soko lake. Kutoka hapo husambaa Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Zamani, kabla fedha haijazoeleka, chungu kilibadilishwa kwa chakula: Mkisi alitoa chombo, jirani yake akatoa nafaka. Kwa hiyo usikidharau chungu unachokiona sokoni. Vyombo kama hicho vimelisha watoto kwa vizazi vingi.

Sasa ukichukue chungu kimoja ukikague. Kimefinyangwa kwa mkono, bila mashine. Lakini zungusha kidole ukingoni, utaona duara lake ni sawa. Kigonge kwa ukucha, kitalia kama kengele ndogo. Unene wa ubavu ni mmoja kutoka chini hadi juu. Aliyekitengeneza huenda hakuwahi kushika bikari wala rula. Alijifunza wapi vipimo hivyo?

JINSI BINTI ANAVYOJIFUNZA

Waswahili wana methali: mwana hutazama kisogo cha nina. Maana yake ni kwamba mtoto aliyebebwa mgongoni hufuata anachokiona kwa mama yake. Katika jamii nyingi za wafinyanzi wa Afrika Mashariki, hivyo ndivyo somo linavyoanza. Hakuna siku ya kuandikishwa. Mtoto hukaa kando ya mama, bibi au shangazi yake, akitazama.

Kisha hupewa kazi ndogo: kubeba udongo, kuokota vijiwe na mizizi iliyomo, kukanda kwa mikono au kwa miguu. Kazi hizi huonekana za kitumwa, lakini ndani yake mna elimu. Anayekanda udongo kila siku huanza kuujua. Ukiwa na maji mengi unateleza na kulala. Ukiwa mkavu unafanya nyufa. Ukiwa laini mno unahitaji kuchanganywa na mchanga, au na vigae vilivyopondwa, ili ustahimili moto. Maneno haya nimeyaandika kwa mistari mitatu. Vidole huyajua kwa miezi mingi.

Baadaye mtoto hufinyanga kijungu cha kuchezea. Kinapinda. Hukivunja, akaurudisha udongo kwenye lundo, akaanza tena. Bibi yake hatoi hotuba. Pengine humshika mkono, akausogeza kidogo, akasema, "Hapa." Kisha humwachia. Siku zinavyokwenda kijungu kinakuwa chungu. Mwishowe huja siku ambayo chungu chake kinaingia motoni pamoja na vya mama yake.

MOTO HAUPENDELEI MTU

Ndugu mwanafunzi, hapa kwenye moto ndipo lilipo somo kubwa, basi tulieleze vizuri.

Udongo uliofinyangwa una maji ya aina mbili. Yapo maji yaliyotiwa wakati wa kukanda, na yapo maji yaliyofungika ndani ya udongo wenyewe tangu asili. Maji ya kwanza hutakiwa yatoke polepole kwa kukaushwa kwa siku kadhaa. Mfinyanzi akiharakisha akakitia chungu motoni kikiwa bado kibichi, maji hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hukipasua chungu. Maji ya pili hutoka pale moto unapofikia kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za Sentigredi. Chungu kikivuka hapo hakiwi tena udongo wa kawaida. Hata ukikiloweka mwaka mzima hakirudi kuwa tope.

Kwa hiyo moto hufichua kila kitu. Ukiwa umekanda vibaya, moto utasema. Ukiwa umeacha kijiwe ndani, moto utasema. Upande mmoja ukiwa mnene na mwingine mwembamba, utapasuka pale unene unapobadilika. Huwezi kuubembeleza moto, na wala haukuonei kwa sababu wewe ni mtoto wa fulani. Jibu unalipata jioni ile ile, tena kwa macho yako mwenyewe.

Linganisha na darasani. Mwanafunzi anaweza kunakili jibu la jirani akapewa alama ya vema, akapita mwaka mzima bila kujua kwamba hajui. Katika karakana jambo hilo ni gumu. Chungu cha kunakili hakipo, kwani kila mtu ana chake mkononi.

MAMBO MANNE YANAYOFANYA KARAKANA IFUNDISHE

Tukichunguza kwa makini tutaona mambo manne.

Kwanza, mwanafunzi huona kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Anaona udongo ukichimbwa na anaona chungu kikiuzwa Lyulilo. Anajua kwa nini anakanda. Mwanafunzi asiyejua mwisho wa somo lake huchoka mapema.

Pili, kosa lake linaonekana, na linaweza kurekebishwa bila aibu. Udongo mbichi uliopinda hurudi kwenye lundo. Kukosea ni sehemu ya kazi ya siku ile, si fedheha ya kumfuata mtu hadi nyumbani.

Tatu, fundi yupo karibu naye hutenda kile anachokifundisha. Bibi mfinyanzi hafundishi asichokifanya. Mtoto anaona mikono yake, anaona subira yake, na anaona pia kwamba hata chungu cha bibi hupasuka siku nyingine. Hapo anajifunza ufundi na tabia kwa pamoja.

Nne, kurudiarudia. Hakuna aliyefinyanga chungu kizuri mara ya kwanza. Mkono una kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo haijengwi kwa kuelezwa. Hujengwa kwa kutenda mara mia, kila mara ukisahihisha kidogo.

Tazama pia mfano wa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya vipande vya ubao mwembamba. Hakufungua shule. Vijana wachache, baadhi yao jamaa zake, walikaa naye wakimsaidia na kumtazama. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze. Mtu angedhani kazi hiyo ingekufa pamoja naye. Lakini wale vijana waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kwa jina lake. Yeye alichora wanyama, na hukumu ya kuchora vyenye roho ni suala la kumwuliza ustadhi wako. Sisi hapa tunatazama namna walivyofundishana. Alichoacha Tingatinga hakikuwa kitabu. Ilikuwa ni mikono iliyokwisha kujua.

UISLAMU UNASEMAJE?

Baadhi yetu tumezoea kudhani kwamba elimu ni ya kichwa, na kazi ya mikono ni ya waliofeli. Fikra hii haina msingi katika dini yetu.

Mitume wa Allah (s.w.) walikuwa watu wa kazi. Nabii Nuhu (a.s.) aliamrishwa kuunda jahazi, kama tunavyosoma katika Suratu Hud, aya ya 37. Nabii Daudi (a.s.) alifundishwa kutengeneza mavazi ya chuma ya vitani, jambo lililotajwa katika Suratul-Anbiyaa aya ya 80, na katika Suratu Sabaa aya ya 10 na 11, ambapo aliamrishwa pia apime sawasawa pete za mavazi hayo. Zingatia hapo: hata Nabii aliambiwa azingatie kipimo katika ufundi wake. Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala, kwa mujibu wa Hadithi iliyopokewa na Muslim. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufahamisha, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokila kutokana na kazi ya mkono wake.

Tena tazama namna Mtume (s.a.w.) alivyofundisha. Mtu mmoja aliingia msikitini akaswali haraka haraka, kisha akaja kumsalimia. Mtume (s.a.w.) akamjibu salamu, akamwambia arudi akaswali, kwani alikuwa bado hajaswali. Mtu yule akarudi, akaswali vilevile, akarudishwa tena. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka mwenyewe akakiri kwamba hajui zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamweleza hatua kwa hatua: takbira, kisomo, rukuu yenye utulivu, kuinuka, na sijda yenye utulivu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Hakuanza kwa maelezo. Alimwacha ajaribu kwanza, akaijua haja yake mwenyewe, ndipo neno likapata pa kuingia.

Sayyidna Uthman (r.a.) naye, alipotaka kuwafundisha watu udhu wa Mtume (s.a.w.), aliagiza maji, akatawadha mbele yao wakimwona, kiungo baada ya kiungo. Hiyo ndiyo karakana, ndugu zangu. Maji yapo, mikono ipo, macho yanaona.

MADRASA NAYO ILIKUWA KARAKANA

Wazee wetu waliosoma chuoni miaka ya nyuma hawakupewa daftari. Walipewa ubao. Ubao ulipakwa chokaa au udongo mweupe ukang'aa, wino ulitengenezwa kwa masizi na kalamu ilichongwa kwa tete. Mwanafunzi aliandika aya zake kwa mkono, akazisoma mbele ya mwalimu mpaka zikakaa, kisha akauosha ubao na kuanza upya. Kabla hajaijua herufi kwa ulimi, mkono wake ulikuwa umekwisha kuipinda na kuinyoosha mara nyingi.

Kazi hii ilizaa mafundi wakubwa. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate nchini Kenya, waandishi walinakili Misahafu kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, wakaipamba kwa mistari na maua ya rangi. Katika ulimwengu wa Kiislamu kwa jumla, Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, aliweka kanuni ya kupima herufi kwa nukta ya kalamu yenyewe, ili kila alifu na kila nuni iwe na kiasi chake. Na miongoni mwa waandishi wa dola ya Uthmania, mwanafunzi hakuruhusiwa kutia saini chini ya kazi yake mpaka mwalimu ampe ijaza. Miaka ilipita akiandika mstari mmoja, akarudishiwa ukiwa umesahihishwa, akauandika tena.

Hata leo, somo la tajwidi linakwenda kwa njia hiyo hiyo. Huwezi kuipata herufi ya dhwadi kwa kusoma maelezo yake. Lazima uitamke, ustadhi asikie, aseme "siyo", urudie. Ulimi wako ndio udongo, na sikio la ustadhi ndio moto.

TAHADHARI

Pamoja na sifa zote hizi, isije ikadhaniwa kwamba kila kazi ya mikono ni elimu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zifundishe kazi pamoja na vitabu. Nia ilikuwa njema. Lakini mwanafunzi anayelimishwa kwa adhabu, bila kuelezwa wala kuonyeshwa, hajifunzi kilimo. Anajifunza kukichukia. Kazi hufundisha pale tu yanapokuwepo yale mambo manne tuliyoyataja.

Vilevile karakana ina upungufu wake. Mfinyanzi hodari anajua kwamba chungu kibichi hupasuka, lakini huenda hajui habari ya mvuke na nyuzi 600. Kitabu ndicho kinachompa sababu. Akiijua sababu, anaweza kujaribu udongo mpya au namna mpya ya kuchoma bila kupoteza kazi ya mwezi mzima. Na mzazi anayemwachisha binti yake shule ili abaki kufinyanga amempa mkono mmoja na kumkata mwingine. Ikombe inahitaji binti ajuaye vyote viwili, hasa sasa ambapo ndoo za plastiki na sufuria za alumini zimechukua nafasi ya mitungi na vyungu majumbani. Methali inasema, mfinyanzi hulia gaeni, yaani mwenye kutengeneza vyombo vizuri hulia chakula chake kwenye kigae. Asiyejua hesabu na biashara, methali hiyo itamwandama.

Habari njema ni kwamba milango inafunguka. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia mitaani bila cheti. Na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Neno hilo si geni kwetu. Amali ni neno la Kiarabu, nasi kila siku madrasa tunaambiwa elimu na amali haviachani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mwanafunzi achonge kalamu yake ya tete. Matete yamejaa ufukweni na kwenye mito yetu. Chonga ncha kwa mshazari, ipasue kidogo katikati ili ishike wino, kisha uandike alifu hamsini. Ya hamsini ilinganishe na ya kwanza.

Pili, unapojifunza fiqhi, usiridhike na kuhifadhi nguzo za udhu. Tawadha mbele ya mwenzako, naye akukague. Kisha badilishaneni.

Tatu, tafuta fundi mmoja karibu nawe, awe seremala, mshonaji, msusi wa mikeka au mfinyanzi, ukae naye saa chache za likizo. Msalimie kwa heshima, omba idhini, na uanze kwa kufagia kama ukiambiwa. Usimwambie unajua.

Nne, yule mwenzetu anayeitwa "mzito", tusimcheke tena. Tumwombe atuonyeshe anachokijua. Huenda akishapata mahali ambapo mkono wake unaheshimiwa, ulimi wake nao utafunguka. Na hata usipofunguka upesi, Allah (s.w.) hakumuumba bure.

HITIMISHO

Katika Suratur-Rahmaan, aya ya 14, tunafahamishwa kwamba mwanadamu wa kwanza aliumbwa kwa udongo mkavu unaotoa sauti kama wa vyombo vya mfinyanzi. Basi siku ukipita Lyulilo, chukua chungu ukigonge kwa ukucha, usikilize. Kimekandwa kikapindika, kikakaushwa kwa subira, kikaingia motoni kikatoka kizima. Nasi tupo katikati ya kazi hiyo hiyo. Tusikimbilie moto tukiwa wabichi, wala tusiogope kurudishwa kwenye lundo tukikosea.

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa na amali yenye kukubaliwa. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini chungu kisichokauka vizuri hupasuka motoni?
2. Taja mambo manne yanayoifanya karakana ifundishe. Ni lipi linalokosekana zaidi katika darasa lako?
3. Eleza jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha mtu aliyeswali haraka. Unajifunza nini kuhusu kukosea?
4. Je, kitabu kinampa mfinyanzi kitu gani ambacho mkono pekee hauwezi kumpa?

Wabillaahi tawfiiq.